Wi-Fi ya Umma Garissa: Inatoka Wapi, na Mbona Saa Zingine Inakuangusha?

Bando ikiisha, wasee wengi tao ya Garissa husaka hotspoti: kafe, hoteli, chuo. Serikali ya Ruto nayo iliahidi hotspoti 25,000 nchi nzima, hasa sokoni. Hotspoti ni mahali intaneti imeletwa na waya ama mlingoti, kisha kaboksi kadogo ukutani kanairusha hewani hadi kwa simu yako.

Safari yake
Kebo za baharini kama SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009. Kutoka pwani, data inasafiri nchi kavu kwa faiba. Ile ya serikali, NOFBI, imefika Garissa. Penye faiba haijafika, milingoti ya simu na setilaiti zinasaidia.

Signali imejaa, lakini wapi!
Ile alama ya Wi-Fi inaonyesha tu simu yako na kaboksi zinaskizana. Haisemi kama intaneti ya nyuma iko. Faiba ikikatwa, ama mlingoti ukiharibiwa (na Al-Shabaab wameshalipua kadhaa Kaskazini Mashariki), alama itajaa na hakuna kitu itafunguka. Stima ikipotea, kaboksi yenyewe inazima.

Halafu laini ni moja, mnagawana. Ikiwa ni ya Mbps 20 na wasee 40 wanacheki video pamoja, kila mtu anabaki na nusu Mbps. Kama una fomu ya HELB ama KUCCPS, enda asubuhi mapema, si usiku wa siku ya mwisho. Kaa karibu na kaboksi pia. Ukiona majina mawili, 5G na 2.4G, ya kwanza ni fasta lakini ukuta unaishinda. Ya pili ni slo kiasi lakini inafika mbali.

Chunga doh yako
Mtu yeyote anaweza kuipa hotspoti yake jina la hoteli umekaa. Uliza mhudumu jina kamili kabla uingie.

Hotspoti ya kulipia inaweza kukuitisha namba ya simu. Ombi la PIN ya M-Pesa linafaa kutokea kwa simu yenyewe kupitia laini, likionyesha unalipa nani na pesa ngapi. Soma hayo kwanza. Ukurasa wa Wi-Fi ukikuambia uandike PIN hapo ndani, hiyo ni kamba. Toka mbio.

Ukimaliza, zima Wi-Fi. Simu isijiunganishe yenyewe na kila kitu inapita.