Mashine ziko ukutani, nani anajua?

Jamani, Philadelphia huko Marekani mashine za kushtua moyo zilikuwepo kitambo, ofisini, shuleni, viwanjani. Orodha kamili ya mahali zilipo ndiyo haikuwepo. Na mtu moyo ukisimama, kila dakika bila kushtuliwa inampunguzia nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10 hivi. Utaanza kumuulizia mlinzi saa ngapi?

Mwaka 2012 Dkt. Raina Merchant na wenzake wa University of Pennsylvania wakawaachia wananchi kazi hiyo. Unapakua programu kwenye simu, ukiiona mashine unaipiga picha, unatuma na mahali ilipo. Wiki 8, zawadi kubwa dola 10,000. Zikapatikana mashine 1,429 kwenye majengo 525. Washindi wawili, kila mmoja zaidi ya 400!

Wakenya walishatangulia njia hiyo 2008, kwa Ushahidi: watu walituma ujumbe wa simu kusema vurugu ziko wapi, ramani ikajaa.

Mashine ya moyo kambini kwetu sijaiona. Machela ipo. Usiku inalala kwa nani, kwenye zoni yenu?