Kikoa: Jina la Biashara Ndogo katika Intaneti

Kikoa ni jina la pekee linalotambulisha tovuti au huduma ya barua pepe katika intaneti. Kikoa cha Halmashauri ya Wilaya ya Karatu ni karatudc.go.tz, cha Ngorongoro ni ngorongorodc.go.tz, na cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ni ncaa.go.tz. Dhana hii kwa Kiingereza ni domain, neno lililotoka katika dominium ya Kilatini kwa njia ya Kifaransa, likiwa na maana ya milki, yaani eneo lililo chini ya mamlaka ya mtu. Kiswahili kimetumia kikoa, neno ambalo pwani lilikuwa tayari na kazi nyingine: kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, kila mmoja akitoa fungu lake. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hulitumia neno hilo katika maana yake mpya inapozungumzia kikoa cha taifa cha .tz. Mitaani wengi husema tu “jina la tovuti”.

Msemo huo wa mitaani una kasoro, kwa sababu unachanganya vitu vitatu ambavyo mwenye biashara anapaswa kuvitenganisha. Tovuti ni kurasa zenyewe: maandishi, picha na bei. Seva ni kompyuta inayohifadhi kurasa hizo na kuzitoa kila zinapoombwa. Kikoa ni jina linalompeleka mgeni kwenye seva hiyo. Ng'ombe wa Mmaasai hubaki na alama ya ukoo hata akihamishiwa malisho mengine. Ndivyo kikoa kinavyobaki na mwenyewe hata tovuti ikihamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine, au ikafutwa na kuandikwa upya. Kati ya vitu hivyo vitatu, cha kupangwa kwanza ni kikoa, kwa kuwa ndicho wateja hukikariri na ndicho kigumu kubadilisha baadaye.

Muundo wake

Kompyuta hutambuana kwa namba, si kwa majina. Intaneti ilipokuwa changa, orodha ya majina na namba zake ilikaa katika faili moja lililotunzwa na Stanford Research Institute huko California, na kila kituo kilinakili kutoka hapo. Vituo vilipoongezeka, faili hilo likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa, ambao uligawa orodha hiyo moja katika ngazi, kila ngazi ikiwa na msimamizi wake. Mfumo huo ndio unaotumika hadi leo.

Ngazi hizo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Katika karatudc.go.tz, tz ni Tanzania, kwa kufuata orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, kama ke ilivyo ya Kenya na ug ya Uganda. Sehemu ya go ni ya taasisi za serikali, na karatudc ni jina lililochaguliwa na halmashauri yenyewe. Biashara hupata co.tz, vyuo vikuu ac.tz, shule sc.tz, na mashirika yasiyotafuta faida or.tz. Hoteli zimetengewa hotel.tz, nafasi inayozifaa nyumba za wageni za Karatu. Mwaka 2006 iliundwa tzNIC, asasi iliyopewa kazi ya kutunza daftari la .tz, kwa ushirikiano wa TCRA na chama cha watoa huduma za intaneti nchini.

Jina huandikwa kwa herufi za kawaida, tarakimu na kistari, bila nafasi kati ya maneno. Kila sehemu iliyo kati ya nukta na nukta haizidi herufi 63, na herufi kubwa na ndogo ni sawa. Mwenye kikoa anaweza pia kuongeza majina mengine mbele ya kikoa chake bila kusajili upya. Tuseme vikundi vitatu vya wilaya ya Ngorongoro, cha asali, cha shanga na cha kuongoza watalii, vinamiliki kikoa kimoja kwa pamoja. Kila kikundi kinaweza kupewa jina lake chini ya kikoa hicho, moja likianza kwa asali, jingine kwa shanga, jingine kwa safari, na gharama ya mwaka ikagawanywa kwa mafungu. Kwa vikundi vyenye kipato kidogo utaratibu huo una nafuu kubwa, mradi kuwe na maandishi yanayosema nani anasimamia jina na nini kitatokea mmoja akijitoa.

Kuchagua jina

Mahali huuza, ndiyo maana biashara nyingi za ukanda wa Karatu na Ngorongoro hutaka jina la mahali ndani ya kikoa. Hapo kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni tahajia. Jina Ngorongoro lina herufi 10 zinazojirudia, na mgeni aliyelisikia mara moja huruka silabi. Mlima wa volkano ulio karibu na Ziwa Natron huandikwa Oldonyo Lengai, Ol Doinyo Lengai na Oldoinyo Lengai. Kijiji kilicho chini yake huandikwa Ngaresero, Ngare Sero na Engare Sero, na jina hilohilo lipo pia upande wa Usa River, karibu na Arusha. Mji wa Wasso nao huandikwa kwa s mbili au moja. Anayechagua jina la namna hiyo hana budi kusajili tahajia mbili na kuzielekeza kwenye tovuti moja, la sivyo wateja watapotelea kwa jirani.

Mtego wa pili ni habari zilizokwisha kushikamana na jina. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walimiminika kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Alikuwa akiishi kijiji cha Samunge, katika eneo la kabila la Wasonjo, mbali na mji wa Loliondo. Lakini redio, magazeti na simu za mkononi zilimtangaza kama Babu wa Loliondo, na jina likashika. Baadaye zikaongezeka habari nyingi za migogoro ya ardhi na uhifadhi. Anayeandika “Loliondo” peke yake kwenye mtambo wa kutafutia anakuwa ameita habari zote hizo, na kambi ndogo ya wageni haiwezi kushindana nazo. Ikiwa jina la mahali ni lazima, liambatane na kinachouzwa: asali, kambi, shanga, matembezi. Anayetafuta “asali Loliondo” hatafuti habari za kikombe.

Kipimo rahisi cha jina zuri ni redio. Eneo la Loliondo lina redio ya jamii, Loliondo FM, na tangazo la redio husikika mara moja tu. Jina likitajwa hewani bila kutajiwa herufi, na msikilizaji akaliandika sawasawa, linafaa. Kistari, tarakimu na vifupisho vya Kiingereza huanguka katika mtihani huu.

Kusajili

Kikoa hakinunuliwi moja kwa moja kutoka kwenye daftari la taifa. Husajiliwa kwa wakala aliyeidhinishwa, kwa ada ya mwaka. Usajili wa jina la biashara kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ni jambo jingine kabisa. Mtu anaweza kuwa na cheti cha BRELA na bado akakuta kikoa chenye jina lake kimechukuliwa. Kwa hiyo kabla ya kulipia cheti, kuchonga kibao au kuchapa lebo, ni busara kuangalia kwanza kama jina liko wazi katika sehemu zote mbili.

Kosa lililozoeleka katika biashara ndogo ni kumwachia mtengeneza tovuti asajili kikoa kwa jina lake na barua pepe yake. Maelewano yakivunjika, au simu yake isipopatikana tena, biashara inabaki bila jina lake. Kwenye usajili liandikwe jina la biashara au la mmiliki, barua pepe iwe ambayo mmiliki mwenyewe anaifungua, na nywila ya akaunti ihifadhiwe na watu wawili wanaoaminiana. Kikoa kisipolipiwa kwa wakati husimama, na baada ya muda wa kusubiri hurudishwa sokoni, ambako yeyote anaweza kukichukua.

Kupanga tovuti

Baada ya jina huja swali la nani atakayeifungua tovuti. Kambi ya mahema karibu na Lodoare, lango la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro kutoka Karatu, ina wageni wa aina mbili mtandaoni hata kabla mtalii hajafika: mtalii mwenyewe, anayepanga safari miezi kadhaa kabla akiwa Ulaya au Marekani, na kampuni ya utalii ya Arusha inayotafuta mahali pa kulaza wateja wake usiku mmoja. Mtalii anataka picha, bei na uhakika kwamba mahali papo kweli. Kampuni inataka idadi ya vitanda, bei ya mawakala na namba ya simu inayopokelewa. Kikundi cha wafuga nyuki wa Wasonjo hakimhitaji mtalii kwanza. Kinamhitaji mnunuzi wa jumla, naye huuliza ujazo wa ndoo, msimu wa kurina na namna mzigo utakavyofika Arusha.

Kurasa nne hutosha: biashara inafanya nini, bei, namna ya kufika, na mawasiliano. Ukurasa wa namna ya kufika ndio hupuuzwa zaidi, ingawa katika ukanda huu ndio unaoamua mengi. Karatu hufikiwa kwa lami kutoka Arusha. Anayekwenda Loliondo anaweza kupita ndani ya hifadhi na kulipa viingilio, au kupitia Mto wa Mbu, Engaruka na Ziwa Natron, njia ambayo wakati wa masika huhitaji gari la kuhimili matope. Mgeni asiyeambiwa mapema kuhusu viingilio huvigundua getini, na lawama humwangukia mwenyeji.

Uzito wa kurasa nao upangwe. Picha moja iliyopigwa kwa simu janja inaweza kuwa na megabaiti 4. Picha kumi zikiwekwa jinsi zilivyo, ukurasa unafika megabaiti 40. Kila moja ikipunguzwa hadi kilobaiti 200, ukurasa huohuo unakuwa na megabaiti 2, na kwenye skrini ya simu tofauti haionekani. Dereva wa watalii aliyeko mahali ambapo mtandao unakwenda kwa kusuasua, na ambaye bando lake linaisha, atafungua ukurasa huo mwepesi na kuuacha ule mzito.

Tovuti inayopokea majina, namba za simu au nakala za pasipoti za wageni inaguswa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa biashara ndogo, njia salama ni kuomba taarifa zinazohitajika tu kwa huduma inayotolewa.

Kutangaza

Kikoa kinaanza kufanya kazi pale kinapoandikwa kila mahali ambapo mteja huangalia: kwenye lebo ya chupa ya asali, kibao cha barabarani, risiti, mlango wa gari, na wasifu wa WhatsApp. Kurasa za Facebook na Instagram zina wasomaji wengi kuliko tovuti nyingi, lakini akaunti ikifungwa au kuibiwa, wafuasi huondoka nayo. Kazi ya kurasa hizo iwe kuvuta watu kuja kwenye kikoa. Barua pepe nayo itumie kikoa hicho, kwa kuwa kampuni inayotaka kutuma malipo ya kundi zima huiamini zaidi kuliko anwani ya bure.

Mitambo ya kutafutia huipima tovuti kwa mambo mengi, na mojawapo ni viungo kutoka tovuti nyingine zinazoaminika. Hapa ushirika una faida. Miradi ya utalii wa kitamaduni iliyoanza miaka ya 1990 kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, na Bodi ya Utalii Tanzania, ukiwemo ule wa Mto wa Mbu, ilitangazwa kwa pamoja, ikawafikia watu ambao kijiji kimoja peke yake kisingeweza kuwafikia. Biashara ndogo iombe kiungo kutoka kwa mradi wa namna hiyo, kutoka kwa kampuni za Arusha inazofanya nazo kazi, na kwa majirani wasiouza kitu kilekile. Pia ijiandikishe kwenye ramani za mtandaoni, na alama ya mahali iwekwe penyewe hasa, kwani dereva asiyelijua eneo huifuata ramani hata inapokosea.

Tangazo hufuata kalenda ya watalii. Januari hadi Machi nyumbu huzaa katika nyanda za Ndutu. Julai hadi Oktoba makundi huwa kaskazini mwa Serengeti. Masika ya Machi hadi Mei wageni hupungua. Bei na picha za msimu zinapaswa kuwa mtandaoni miezi kadhaa kabla ya msimu wenyewe, na kipindi cha masika ndicho cha kusahihisha namba za simu zilizobadilika, kufuta bei za zamani na kulipia kikoa kwa mwaka unaofuata. Kwa mwaka mzima kila mteja aulizwe alivyoipata biashara, na jibu liandikwe daftarini. Kutokana na majibu hayo mwenye biashara ataona tangazo lipi la kulipia tena na lipi la kuacha.