Neno la leo: Bwaki

Mashariki mwa Kongo, bwaki ni jina la utapiamlo ambao vitabu vya tiba huuita kwashakoo. Kosa kubwa ni kudhani kwamba mtoto mwenye tumbo lililojaa na mashavu ya duara ameshiba. Bonyeza miguu yake kwa juu: vishimo vikibaki, hayo ni maji, si unene. Shibe na lishe ni mambo mawili. Ugali wa muhogo unaoliwa huko mashariki, kama Kabambare na Kasongo, hujaza tumbo, lakini protini yake ni kidogo mno.

Wapo watakaopinga: mbona watoto wanaokula chungu kimoja, huyu anavimba na yule hapana? Hapo wengine hutaja uchawi. Swali ni zito, na jibu lipo: utafiti wa mapacha wa Malawi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba hata vijidudu vya utumbo vina mchango wao. Sababu basi ni zaidi ya moja, ila kinga huanzia sahanini: sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa na kuiva vizuri, karanga, maharage, samaki, mawese. Miguu ikivimba, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo.