Habari za Modemu na Kompyuta Iliyozimika Ghafla

Kaeni vizuri na fungueni daftari zenu. Mwenye saa ya mkono na aiweke karibu, maana baadaye tutapima sekunde moja.

Leo tutasoma historia ya chombo kidogo kiitwacho modemu. Tutaangalia hasa tabia yake moja. Kompyuta ikizimika ghafla na kuwaka tena, modemu yenye umeme wake yenyewe mara nyingi hukataa kusema nayo. Taa zake zinawaka, lakini haijibu. Kwa nini? Na watu waliotutangulia walifanya nini?

Kwanza tuanze na jambo mnalolijua hapa Ufipa. Zamani wazee wetu waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru refu la udongo, lililoitwa ilungu. Tanuru hilo lilikuwa na matundu chini, na upepo ulipita wenyewe kwenda juu. Halikuhitaji mtu wa kuvuta mivukuto. Baadaye chuma kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, na hilo lilipulizwa kwa mivukuto. Basi fikirini: mtu wa mivukuto akianguka, moto wa kintengwe hufifia mara moja. Lakini ilungu huendelea kuwaka, hata kama watu wote wameondoka.

Modemu nazo ni za namna mbili. Iko modemu iliyofungwa ndani ya kompyuta na kula umeme wake. Hiyo ni kama kintengwe: kompyuta ikizimika, nayo huzimika. Iko modemu inayokaa nje, yenye waya wake wa umeme. Hiyo ni kama ilungu. Kompyuta ikifa, yenyewe haina habari. Hapo ndipo shida yetu inapoanzia.

Sasa tuulize, modemu hufanya kazi gani? Waya wa simu wa zamani ulitengenezwa kupeleka sauti za watu. Kompyuta haina sauti. Ina alama za umeme tu. Modemu hugeuza alama hizo ziwe milio, na modemu ya upande wa pili hurudisha milio iwe alama. Katika miaka ya 1960 modemu zilikuwa zikipeleka alama 300 kwa sekunde, yaani kama herufi 30. Ukurasa wenye herufi 1,800 ulichukua dakika moja nzima.

Mwaka wa 1981 kampuni ya Bwana Dennis Hayes na mwenzake Dale Heatherington, huko Georgia, Marekani, ilitoa modemu mpya iliyoweza kupokea amri. Kompyuta iliandika herufi A na T, kisha amri yake, na modemu ikatii. Ukiandika ATD na namba, ilipiga simu. Ukiandika ATH, ilikata simu. Ukiandika ATZ, ilirudi katika hali yake ya mwanzo. Kazi ikifanikiwa, modemu ilijibu OK. Makampuni mengine mengi yaliiga amri hizo.

Lakini angalieni ugumu uliotokea. Amri na barua zilipita katika waya ule ule mmoja. Modemu ikiwa katika mazungumzo, kila herufi inayoipata huihesabu kuwa ni barua, na kuipeleka upande wa pili. Sasa kompyuta imezimika katikati ya barua. Inaamka, haikumbuki kitu, na inaandika ATZ. Modemu ya nje haikuzimika. Bado inadhani iko katika mazungumzo, kwa hiyo inaipeleka ATZ mbali, kama barua, na OK hairudi. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta husema, "Modemu imekufa." Kumbe modemu haijafa hata kidogo. Inafanya kazi iliyopewa na bwana ambaye hayupo tena.

Wale wavumbuzi waliliona jambo hili, wakaweka njia mbili za kutoka.

Njia ya kwanza ni waya. Katika kiungo cha matundu 25 kati ya kompyuta na modemu, tundu la 20 lilikuwa na kazi moja: kuonyesha kwamba kompyuta iko tayari. Kompyuta ikizimika, alama hiyo hushuka, na modemu hukata simu. Ni njia nzuri, lakini palikuwa na swichi ndogo iliyoweza kuiambia modemu isiijali alama hiyo. Mtu aliyeiacha swichi vibaya aliiacha simu yake wazi, na gharama ikiendelea kuhesabiwa.

Njia ya pili ni ukimya. Kompyuta hunyamaza sekunde moja, huandika alama tatu za kujumlisha, +++, kisha hunyamaza tena sekunde moja. Mwenye saa, tupimie sekunde moja sasa. Mmeona ilivyo fupi? Lakini katika barua inayopita mbio, herufi hazisimami namna hiyo. Kwa ukimya ule modemu hutambua kwamba hii si barua tena, bali ni amri. Ndipo huandikiwa ATH, kisha ATZ, na OK hurudi.

Je, mambo hayo yalitufikia Afrika Mashariki? Ndiyo, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka wa 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yalilegezwa katika miaka ya 1980. Wakati huo huo, mwaka wa 1984, Bwana Tom Jennings wa San Francisco alianzisha mtandao ulioitwa FidoNet. Katika mtandao huo kompyuta hukusanya barua mchana kutwa, na usiku, simu zikiwa rahisi, hupigiana na kubadilishana mafurushi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia hiyo ilitumika kuunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe, katika mpango ulioitwa ESANET. Huko London, kituo cha GreenNet kilipokea na kupeleka barua za vituo vya Afrika.

Sasa fikirini usiku wa kituo cha namna hiyo. Hakuna mtu ofisini. Simu ni ya nchi za mbali, na gharama yake ni kubwa. Umeme unayumba mara moja tu. Kompyuta, yenye kuhitaji umeme mwingi, inaanguka na kuamka. Modemu, yenye kuhitaji umeme kidogo, inavumilia. Kama hakuna aliyejiandaa, asubuhi barua hazikufika, na siku nzima imepotea.

Kwa sababu hiyo watunzaji wa vituo vya FidoNet walijifunza kujiandaa. Kompyuta za siku zile zilikuwa na orodha ya mambo ya kufanya kila zinapoamka. Mtunzaji aliandika humo kwamba programu ya barua ianze yenyewe. Programu nayo, kabla ya kazi nyingine yoyote, ilianza kwa kuirudisha modemu katika hali ya mwanzo na kungoja OK. Haikudhani kwamba modemu iko tayari, iliuliza kwanza. Hilo ndilo fundisho kubwa la historia hii.

Huenda mtu akasema, "Mwalimu, hayo ni ya zamani. Siku hizi hatupigi simu kwa modemu ya milio." Ni kweli. Lakini tabia ile haijaondoka. Ninyi wa Sumbawanga mnajua kuyumba kwa umeme. Kwa miaka mingi mji huu haukuwa katika gridi ya Taifa. Ulitumia mashine za dizeli, na baadaye umeme wa kutoka Zambia.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika ofisi moja siku ya mwisho ya kupeleka majina ya watahiniwa. Taa zilififia mara moja, kompyuta ikajizima na kuwaka. Modemu yetu ndogo ilikuwa imechomekwa katika kigawanyo chenye umeme wake, na taa yake haikuzimika. Kompyuta ikasema haioni modemu. Tuliiwasha upya kompyuta mara nne, na mara zote nne hatukuigusa modemu, kwa kuwa taa yake ilitudanganya. Mwisho karani alipanda basi na majina yameandikwa katika karatasi, na sisi tukabaki na hofu juu ya watoto ambao majina yao yalikuwa barabarani. Jioni alikuja fundi. Alichomoa modemu, akahesabu hadi kumi, akairudisha. Ikafanya kazi. Majina yalifika kwa bahati tu. Nami nilikuwa na stashahada ya chuo kikuu mfukoni!

Basi andikeni katika daftari:

1. Kompyuta ikijiwasha upya na modemu isijibu, usidhani modemu imekufa. Taa inayowaka inaonyesha kwamba umeme upo. Haionyeshi kwamba modemu inasikia.

2. Iondolee modemu umeme wake yenyewe. Kuzima kompyuta peke yake hakutoshi. Hesabu pole pole hadi kumi, ili umeme uliobaki ndani uishe.

3. Rudisha umeme wa modemu, ngoja taa zake zitulie, ndipo uwashe kompyuta. Kisha jaribu kwa ujumbe mfupi kabla ya kupeleka kazi kubwa.

Mkifanya hivyo na bado haijibu, hapo ndipo muite fundi, na mwelezeni mliyokwisha kuyafanya. Fundi akiambiwa hayo hapotezi muda wa kuyarudia.

Kabla ya kuagana, zungumzeni maswali haya. Kwa nini modemu ya nje hubaki ikifanya kazi wakati kompyuta imezimika? Kwa nini alama tatu za kujumlisha zilihitaji ukimya kabla na baada yake? Je, katika shughuli zenu kuna chombo kingine kinachoendelea na kazi bila kujua kwamba aliyekituma hayupo? Aliyekwisha kuweza kuandika vizuri na awasaidie wenzake kuandika majibu.

Someni ukurasa huu mara mbili nyumbani. Kwaherini, na kazi njema.