Karakana Zisizo na Waya

Wengi wetu tusikiapo habari za Waamishi wa Marekani hudhani kuwa ni watu walioapa kuishi bila mashine. Dhana hiyo haina msingi. Katika wilaya ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, seremala wa Kiamishi aweza kuwa na msumeno wa mviringo, keekee na mashine ya kupigia randa, zote zikienda kwa kasi, wala usione waya wa kampuni ya umeme uingiao karakanani mwake.

Asili ya jamaa hawa ni Uswisi na Alsace, ambako mwaka 1693 walijitenga na ndugu zao wa imani wakimfuata Jakob Ammann. Ndugu hao ndio Wamennonite, waitwao kwa jina la Menno Simons wa Uholanzi. (Wamennonite waliofika Shirati, Tanganyika, mwaka 1934, walitoka Lancaster hiyohiyo, lakini kanisa lao lilikwisha kuzoea motokaa.)

Mwaka 1919 viongozi wa Waamishi wa Lancaster walikataza nyumba zao kuunganishwa na nyaya za umeme. Betri hawakuzikataza, na injini vilevile. Kwa miaka mingi, basi, injini moja ilizungusha mhimili mrefu uliolazwa chini ya sakafu, na mikanda ikatoka mhimilini kuendesha kila mashine. Ndivyo viwanda vya Ulaya na Marekani vilivyoendeshwa katika karne ya 19. Waamishi waliishika njia hiyo wenzao walipoiacha. Taabu yake ni kwamba mashine hapana budi ikae pale mhimili upitapo.

Baadaye mafundi wao walipata njia iliyo bora. Mashine mpya hununuliwa, mota yake ya umeme ikang'olewa, na mahali pake ikatiwa mota iendeshwayo kwa hewa au mafuta yaliyoshindiliwa. Injini ya dizeli husukuma pampu. Hewa huwekwa katika matangi na kupelekwa kwa mabomba hadi kwenye kila chombo. Watu huuita kwa mzaha "umeme wa Kiamishi". Mhandisi ataona hasara hapa, na kweli ipo, kwa maana hewa ishindiliwapo sehemu kubwa ya nguvu hupotea kuwa joto. Hasara hiyo wenyewe huilipa kwa hiari.

Kwa nini? Ardhi ya Lancaster ilipopanda bei, na watoto ni wengi, haikuwa kila kijana aliyeweza kupata shamba. Tangu miaka ya 1970 karakana zikaongezeka sana. Lau mashine zote zingalikatazwa, vijana wangalikwenda kutafuta kazi viwandani, mbali na baba na mama zao. Lau waya ungaliruhusiwa, redio na televisheni zingaliufuata hadi sebuleni. Hewa huzungusha msumeno, lakini haileti picha. Kwangu mimi hiyo ni hukumu ya watu waijuao mashine vizuri, ingawa karakana nazo zimezaa matajiri katika jumuiya iliyopenda usawa.

Wala madhehebu haya hayakuweka mpaka mahali pamoja. Waswartzentruber hukaza zaidi ya Waamishi wa Lancaster. Wamennonite wa Groffdale, nao, walijitenga mwaka 1927 kwa kuikataa motokaa. Hata leo huenda kanisani kwa vigari vya farasi, na wakirudi nyumbani huwasha taa za umeme.