Maji Matamu ya Broad Street

Somo letu la leo ni juu ya ramani. Lakini msidhani ni ramani ya milima na mipaka ya nchi. Hii ni ramani ya pampu za maji, na ilichorwa ili ijulikane maji yapi yanaua.

Turudi mpaka mwaka wa 1854, katika mji wa London, Uingereza. Siku zile watu wengi walichota maji kwenye pampu za mkono zilizosimama njiani, kila moja juu ya kisima chake. Mwisho wa mwezi wa Agosti kipindupindu kilizuka ghafula katika mtaa wa Soho. Kwa muda wa siku kumi hivi watu zaidi ya 500 walikufa, na wengi waliosalia walifunga nyumba zao wakahama.

Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huu huletwa na hewa inayonuka. Daktari John Snow hakukubali. Yeye alisema kwamba ugonjwa huingia kinywani, kwa maji yaliyochanganyika na choo cha wagonjwa. Je, angewezaje kuonyesha jambo hilo? Alitwaa orodha ya vifo 83 vya siku za kwanza, akaenda akiuliza nyumba kwa nyumba: maji yenu mnachota wapi?

Akaona kwamba vifo 73 vilitokea katika nyumba zilizo karibu na pampu ya Broad Street. Vingine 10 vilitokea karibu na pampu nyingine. Basi hawa walikufaje? Watano walikuwa wa nyumba zilizotuma watu Broad Street siku zote, kwa kuyapenda maji yake. Watatu walikuwa watoto waliokwenda shule karibu na pampu ile.

Sasa tazameni upande wa pili. Katika mtaa huo huo kulikuwa na kiwanda cha bia. Wafanyakazi wake walikunywa bia, tena kiwanda kilikuwa na kisima chake. Hakufa hata mmoja. Na huko Hampstead, mbali kabisa, alikufa bibi mmoja mjane. Alipenda sana ladha ya maji ya Broad Street, akawa akiletewa kwa gari kila siku.

Fikirini neno hili. Pampu ya jirani, ya Marlborough Street, ilijulikana kwa maji machafu, hata watu wa hapo wakaikimbia wakaenda Broad Street. Maji yaliyochukiza yaliachwa. Maji yaliyosifiwa ndiyo yaliyoua.

Tarehe 7 Septemba, Snow aliwaeleza wakuu wa mtaa, na kesho yake mpini wa pampu ukaondolewa. Tusizidishe hadithi: ugonjwa ulikuwa umekwisha kupungua, na Snow mwenyewe alisema hivyo. Ramani yake aliitoa katika kitabu mwaka wa 1855. Kila kifo alikitia alama penye nyumba yake, na kila pampu mahali pake. Tena alipima umbali kwa njia wanazopita watu kwa miguu.

Kasisi mmoja, Henry Whitehead, alitaka kuonyesha kwamba Snow amekosea. Naye akauliza nyumba kwa nyumba, na mwisho akakubali. Ndiye aliyegundua kwamba mtoto mchanga aliugua nyumba namba 40, na mama yake alimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la choo. Walipochimba, waliona shimo lile linavuja, nalo lilikuwa karibu sana na kisima.

Wenye madaraka wengi waliendelea kubisha. Snow alikufa mwaka wa 1858, kabla fikira zake hazijakubaliwa na wengi.

Basi, kazi yenu ya juma hili. Chukueni karatasi, mchore kila bomba na kila kisima cha kijiji chenu. Kando ya kila kimoja andikeni: nani huchota hapa? Choo kiko hatua ngapi? Nani ameugua tumbo? Msiandike "mazuri" kwa sababu tu maji ni maangavu na matamu. Mpaka yapimwe na mtaalamu, yachemsheni.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.