Habari Njema Kando ya Ziwa: Kiswahili na Furaha ya Injili Kuzunguka Kibara

Kibara iko kwenye rasi inayotenganisha Ghuba ya Speke upande wa kusini na Ghuba ya Baumann upande wa kaskazini. Ng'ambo ya kaskazini ni Majita. Magharibi, baada ya kuvuka maji ya Kisorya, ni Ukerewe. Katika eneo hili Kijita, Kikerewe na Kisukuma hukaribiana sana, na kila ujumbe mpya uliofika ulipaswa kuvuka maji na mipaka ya lugha.

Neno lenyewe la ujumbe huo lina historia yake. "Injili" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kiyunani lenye maana ya habari njema. Kabla Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844, Waislamu wa pwani walikwisha kulifahamu kama jina la kitabu alichopewa Nabii Isa. Wafasiri, akiwemo Askofu Steere wa Unguja, walilipokea lilivyokuwa. Hivyo neno lilifika bara likiwa jina la kitabu, na maana ya furaha iliyokuwa ndani yake haikusikika tena. Furaha hiyo ilibidi irudishwe na wasimulizi.

Wasimulizi hao walikuwa wengi. Kusini mwa Ghuba ya Speke, kituo cha Nassa kilianzishwa na Waanglikana katika miaka ya 1880, kikakabidhiwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Ukerewe, katika misheni ya Kikatoliki ya Kagunguli, alifundisha katekista Aniceti Kitereza. Wamennonite walifika Shirati mwaka 1934, kisha wakaenea hadi Mugango na Majita. Hata hivyo, mmisionari hakuweza kufika kila kijiji. Aliyefika ni katekista au mwinjilisti mwenyeji, na aghalabu ndiye aliyefafanua kwa lugha ya nyumbani yale yaliyosomwa kwa Kiswahili.

Mwaka 1942 Shirati iliguswa na uamsho uliokuwa umeanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Wamisionari na Waafrika walitubu hadharani na kusameheana. Jambo la kuzingatiwa na wanaisimu ni mabadiliko ya maneno. "Ushuhuda", ambao ni kauli ya shahidi barazani, ukawa pia masimulizi ya mtu juu ya maisha yake mwenyewe. "Kuokoka", yaani kunusurika katika hatari, kama vile mvuvi aliyepinduliwa na mawimbi, kukawa jina la maisha mapya. Kwa maneno hayo Mluo na Mjita waliweza kusimuliana furaha ileile, ingawa lugha zao za nyumbani hazina nasaba moja.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kilimaliza kila tofauti. Mwaka 1979 Kanisa la Mennonite liligawanywa kuwa dayosisi mbili, ya kaskazini na ya kusini. Aidha, wapo waliosikia ujumbe kwa miaka mingi katika lugha waliyoielewa nusu, hasa wazee na wanawake ambao hawakupata shule. Ndiyo maana mradi wa kutafsiri Biblia katika lugha kadhaa za Mara, zikiwemo Kijita, Kikwaya na Kizanaki, ulianzishwa Musoma mwaka 2006, zaidi ya miaka hamsini baada ya Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952.

Kitereza aliijua njia hiyo ya pande mbili. Riwaya yake juu ya Myombekere na Bugonoka aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Hakuona kwamba lugha moja ilidai kifo cha nyingine. Historia ya Injili kuzunguka Kibara inafundisha hivyohivyo: habari huwa njema pale msikilizaji anapoielewa kiasi cha kuweza kumsimulia jirani yake, naye jirani huyo mara nyingi yuko ng'ambo ya maji.